UZI: Kupika bia nyeusi (stauti) nyumbani kwa kopo la kimea, na makosa mawili yaliyonifundisha

#1 Kihamba (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikendi.

Kwenye uzi wa mapishi niligusia kwamba bia nyeusi ninayokunywa naipika mwenyewe jikoni. Maswali yakaja mengi, nikaona nisiwaharibie wenzetu uzi wao wa pilau. Nafungua huu.

Naishi Sheffield, Uingereza, mwaka wa 14 sasa. Nimepika stauti mara 11 tangu Novemba 2019. Mbili za kwanza ziliharibika, nami nitazieleza kuliko zile zilizofaulu, kwa sababu zilizofaulu hazikunifundisha kitu.

Nianze na jambo linaloniuma. Wapo wanaodharau kopo. Wanasema ukitumia kopo hujapika, umekoroga tu. Mimi nimekulia Marangu, na bibi yangu alikuwa mpishi wa mbege. Naijua kazi yenyewe. Ulezi unalowekwa, unafunikwa gizani mpaka uote, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji wa mso. Ndizi mbivu zinachemshwa kutwa nzima mpaka zinaiva rangi, zinalazwa siku kadhaa, zinachujwa. Gome la msesewa linatia ule uchungu unaozuia utamu kukinai. Ndipo mso unaunganishwa na maji ya ndizi, na pombe inaanza kuchemka yenyewe bila moto.

Sasa fungua kopo la stauti uangalie kilichomo. Ni kimea vilevile, ila cha shayiri. Kuna mtu kiwandani ameiotesha, akaikausha, akaisaga, akailoweka kwenye maji ya nyuzi 65 hivi za Selsiasi mpaka wanga ukageuka sukari, akaichuja, akaichemsha na maua ya hopsi, kisha akapunguza maji mpaka ikabaki asali nyeusi nzito. Hopsi inafanya kazi ya msesewa. Yaani kopo limekubebea siku za mwanzo za bibi. Siku za mwisho, zile za chombo safi, joto la kadiri na kusubiri, hazimo kwenye kopo. Bibi mwenyewe mbege ikimharibikia ilikuwa siku hizo. Sijawahi kumsikia akilaumu ulezi.

Ninavyofanya mimi kwa lita 20:

Kopo moja la stauti la kilo 1.7 lenye hopsi tayari. Mimi hutumia la Coopers wa Adelaide, Australia, kampuni iliyoanza 1862, kwa sababu linapatikana hapa kirahisi. Yapo mengine mazuri. Karatasi ya maelekezo kwa kawaida inasema uongeze kilo moja ya sukari na ujaze maji mpaka lita 23. Msifanye hivyo kama mnataka bia nzito. Sukari ya mezani inachachuka yote, haiachi kitu, bia inakuwa nyepesi kama chai iliyorudiwa maji. Mahali pa sukari weka kopo la pili la kimea cheusi kisicho na hopsi, kilo 1.5, na maji yaishie lita 20. Hapo ndipo unene unapotoka.

Nyongeza yangu ni gramu 250 za shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi kama buni. Naiponda kidogo, naiweka kwenye lita mbili za maji BARIDI usiku kucha, asubuhi nachuja na kuyachemsha yale maji dakika kumi. Ukiiloweka kwenye maji ya moto inatoa ukakasi unaoshika ulimi. Kwenye maji baridi unapata harufu ya kahawa na kakao bila ukali.

Makopo nayaweka kwenye sinki la maji moto dakika 15 ili asali ilegee. Namimina kwenye ndoo ya plastiki ya chakula, lita 25 au zaidi, isiyo na michubuko ndani. Nasuuza makopo kwa maji yanayochemka ili kisibaki kitu, naongeza maji ya shayiri, nakoroga mpaka yote yayeyuke, kisha maji baridi mpaka alama ya 20. Hapo nakoroga kwa nguvu, povu lipande, kwa sababu hamira inahitaji hewa mwanzoni. Ni wakati huo tu. Baadaye hewa ni adui, bia inanuka karatasi iliyolowa.

Hii togwa (mimi naiita togwa, kwa sababu ndivyo ilivyo, tamu na haijalevya) naipima kwa haidromita. Ni kile kijiti cha kioo kinachoelea. Maji matupu yanasoma 1.000. Togwa yangu husoma 1.052 mpaka 1.055. Andika namba hiyo kwenye daftari, kwa sababu sukari ikiliwa namba inashuka, na tofauti ya ya mwanzo na ya mwisho ndiyo inayokupa asilimia ya kileo. Ukiipoteza umepoteza kila kitu.

Kisha hamira, nikishahakikisha togwa imeshuka mpaka nyuzi 18 au 20. Pakiti ya gramu 7 iliyofichwa chini ya kifuniko cha kopo inaweza kuwa imekaa dukani muda mrefu kwenye joto. Mimi hununua pakiti mpya ya hamira ya bia, gramu 11. Hamira ya mikate itachachusha, ila ladha itakuwa ya mkate.

Nafunika, nafunga kile kidude cha plastiki chenye maji kinachotoa hewa bila kuingiza, naondoka. Siku 14. Sifungui kuchungulia.

Makosa yangu nayaleta posti inayofuata, ni marefu.

#2 Kihamba

Kosa la kwanza. Novemba 2019. Siku ya tano kidude cha maji kiliacha kutoa mapovu. Nikajua imeiva. Haidromita nilikuwa nayo, ipo kwenye boksi lake, sikuitoa. Siku ya sita nikajaza chupa, nikatia sukari ya kuleta gesi, nikazipanga kwenye kabati chini ya ngazi.

Siku tisa baadaye, saa nane usiku, mlio. Nikadhani mtu kavunja dirisha. Nikashuka, ukaja mlio wa pili, na wa tatu nikiwa nimesimama mbele ya mlango wa kabati. Nilisubiri mpaka asubuhi ndipo nikafungua, nimevaa miwani ya kazini na glavu za bustani. Koti la mwanangu lilikuwa linaning'inia mle. Alikuwa na miaka minne. Kipande cha kioo kirefu kama kidole kilikuwa kimeingia kwenye bega la lile koti.

Kilichotokea ni hivi: mapovu yalisimama kwa sababu nyumba ilipoa usiku na hamira ikalala, na sukari ilikuwa bado nyingi ndani. Nilipoziweka chupa kwenye joto, hamira ikaamka, ikala sukari iliyobaki pamoja na ile niliyoongeza, gesi ikakosa pa kwenda. Mapovu hayapimi kitu. Kipimo ni haidromita pekee: isome namba ileile siku tatu mfululizo, na kwa mchanganyiko huu iwe karibu na 1.014 hadi 1.016. Ikiwa juu ya hapo, sogeza ndoo mahali penye joto kidogo, itikise taratibu, subiri.

Kosa la pili, Januari 2020. Baridi ilikuwa kali, nikaona niisaidie hamira, nikaweka ndoo kando ya hita ya ukutani. Ilichachuka siku mbili, nikafurahi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 28. Bia ilitoka na harufu ya rangi ya kucha, na glasi moja ilinipa kichwa siku nzima. Hamira ikipata joto kupita kiasi inatoa vileo vizito vyenye ukali ule. Subira haiviondoi. Nilimwaga lita 20.

Kuanzia mara ya tatu mpaka leo, usafi, nyuzi 18 hadi 20, na haidromita. Sijamwaga tena.

#3 Fundi Tabata

Mkuu Kihamba heshima yako. Nimesoma mara mbili. Swali langu moja: wewe unapigana na baridi, mimi nipo Tabata, Dar. Chumbani kwangu saa hizi ni nyuzi 31. Dada yangu anakuja Desemba kutoka huko kwenu na ameshakubali kunibebea makopo. Nisimsumbue bure?

#4 Mtu wa Limuru

Huku kwetu Limuru baridi tunayo ya kugawa, tungewaletea 😀

Lakini kabla hamjaenda mbali, Wakenya mnaosoma mkumbuke sheria ya vileo ya 2010, ile watu waliiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeileta. Haisemi kuuza tu, inataka leseni kwa kutengeneza pia. Nimeona majirani wakibebwa kwa sababu ya mtungi wa busaa. Mtu asije akaweka ndoo sebuleni akidhani ni kama Uingereza.

#5 Kihamba

@Mtu wa Limuru asante sana, hilo nilipaswa kuliweka juu kabisa. Hapa Uingereza nako kulikuwa na leseni ya kupika kwa matumizi ya nyumbani tangu 1880, ikafutwa na bajeti ya Aprili 1963, Waziri wa Fedha akiwa Reginald Maudling. Tangu hapo unapika upendavyo kwa kunywa mwenyewe na wageni wako. Ukiuza hata chupa moja unaingia kwenye usajili na ushuru. Tanzania tuna Sheria ya Vileo ya 1968, na kuuza bila leseni ni kosa. Kila mtu aulize kwao kabla ya kununua ndoo.

@Fundi Tabata ndugu yangu, usimsumbue dada kwa hamira ya kawaida. Mwambie alete kveik. Ni hamira ya wakulima wa magharibi mwa Norway, waliyoitunza vizazi na vizazi kwa kuikausha kwenye pete za mbao na vitambaa. Inachachusha vizuri kwenye nyuzi 30 mpaka 40, joto ambalo hamira za Kiingereza zinaharibu bia. Siku hizi inauzwa kavu kwenye pakiti. Iliyoenea zaidi ni ile ya Voss. Kwa Dar sioni njia bora zaidi.

Kama hukuipata: ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, chupa za maji yaliyogandishwa mbili asubuhi na mbili jioni. Kitambaa kilicholowa na feni vinasaidia Dodoma, hewa ni kavu. Dar unyevu ni mwingi, maji hayakauki, hutapata nafuu kubwa. Na kumbuka pombe inapochachuka inatoa joto lake yenyewe, ndani ya ndoo kunaweza kuzidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda, ladha inatengenezwa hapo.

#6 Mama Nuru

Kihamba shikamoo kama umenizidi, na kama sivyo basi marahaba 🙂 Mimi ni mkunga, Moshi. Sijaja kupika. Nimekuja kwa sababu najua bia nyeusi ikitajwa lazima aje mtu aseme "inaongeza damu". Wodini naletewa wazazi waliokunywa stauti na soda nyeusi kwa ushauri wa mama mkwe.

Naomba niseme mapema. Chuma kwenye glasi kubwa ya stauti hakifiki hata miligramu moja. Mjamzito anahitaji kama miligramu 27 kwa siku. Kwa hiyo damu haiongezeki, na pombe inamfikia mtoto. Weusi wa ile bia ni wa kuungua kwa nafaka. Dagaa, maharage, mchicha pamoja na kitu chenye limau au chungwa, na vidonge vya kliniki. Hayo ndiyo ya damu.

#7 Kihamba

Mama Nuru marahaba haiwezekani, shikamoo ni yako. Umesema kweli na umesema vizuri. Mama yangu alipewa stauti aliponizaa mimi, wakiamini hivyo hivyo. Na kampuni ya Guinness yenyewe ilianza kutangaza mwaka 1929 kwamba bia yao ni nzuri kwa afya. Tangazo limeachwa miaka mingi, imani imebaki vijijini kwetu.

#8 Mzee wa Maktaba

Nimefurahi kuona uzi wenye watu wanaosoma. Naongeza historia kidogo kwa anayependa.

Stauti ilizaliwa London. Karne ya 18 wapagazi na wachukuzi wa mjini walikunywa bia ya kahawia iliyokuja kuitwa porter, yaani ya wapagazi. Ile kali zaidi ikaitwa stout porter, porter nene, baadaye jina la kwanza likabaki peke yake. Arthur Guinness alitia saini mkataba wa kupanga St James's Gate, Dublin, mwaka 1759, kwa miaka 9,000, pauni 45 kwa mwaka. Lakini bia ya wakati huo haikuwa na weusi huu. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kukaangia kimea, linazungushwa juu ya moto kama la kukaangia kahawa. Kuanzia hapo mpishi aliweza kutumia kimea cheupe kwa sehemu kubwa, kinachotoa sukari nyingi, na kutia kiasi kidogo tu cha nafaka nyeusi kwa rangi na ladha.

Ndiyo maana weusi si ukali. Guinness ya bombani ina asilimia 4.2 tu.

Na kwa mleta uzi, hii itakupa nguvu dhidi ya wanaodharau kopo. Guinness inayopikwa Afrika haianzi na shayiri nyeusi kila mahali. Tangu kiwanda cha Ikeja, Lagos, kilichofunguliwa 1962, utaratibu umekuwa kutuma kutoka Dublin kiini kizito cheusi kilichokolezwa, kikachanganywa na bia nyeupe iliyopikwa papo hapo kwa nafaka za nchi husika. Sasa mtu akisema kopo si kupika, muulize chupa anayokunywa yeye ilianzia wapi.

#9 Kihamba

Mzee wa Maktaba, hili la kiini sikulijua. Nimekaa nalo tangu asubuhi. Asante.

#10 Abu Salim, Maskati

Assalaam alaykum. Mimi situmii vileo kwa dini yangu, na sikuja kumhukumu mtu. Swali langu ni la togwa. Huku vinywaji vya kimea visivyo na kilevi vinapendwa sana, watoto wangu wanavimaliza. Je, lile kopo la pili lisilo na hopsi naweza kulitumia kwa kinywaji cha namna hiyo, nikawa na uhakika hakikuchacha?

#11 Kihamba

Waalaykum salaam Abu Salim, karibu sana. Ndiyo, na ni kitamu. Kimea kisicho na hopsi, chagua cheupe au cha kahawia, gramu 150 kwa lita moja ya maji. Chemsha dakika chache, poza haraka, tia kwenye friji, kiishe siku hiyo hiyo au kesho yake. Limau kidogo na tangawizi vinakaa humo vizuri. Ukitaka povu, kikoleze mara mbili kisha ongeza maji ya gesi wakati wa kunywa.

Usikiache nje ya friji. Hamira za porini zipo hewani kila mahali, kwenye joto la Maskati kitaanza kuchacha chenyewe bila wewe kutia chochote. Bibi hakuwahi kununua pakiti ya hamira maishani mwake.

#12 Msukuma wa Minnesota

Wakuu, kwa walio Marekani: sheria ya kuruhusu bia ya nyumbani alisaini Jimmy Carter Oktoba 1978. Galoni 100 kwa mwaka kama mtu mzima ni mmoja nyumbani, 200 kama ni wawili au zaidi. Majimbo ya mwisho kukubali ni Mississippi na Alabama, 2013.

Swali: mimi maji yangu ya bomba yana klorini kali. Bia yangu ya kwanza ilinuka dawa ya vidonda. Ni maji au ni jiki niliyosafishia ndoo?

#13 Kihamba

Inaweza kuwa yote mawili, mkuu. Klorini ikikutana na kimea na hamira inatoa harufu hiyo hiyo ya hospitali, na kiasi kidogo mno kinatosha kuharibu ndoo nzima.

Kwa maji: nusu ya kidonge cha Campden (dawa ya salfaiti wanayotumia wapika bia na divai) kwa lita 20, kiponde, koroga, dakika chache imekwisha. Kuchemsha kunaondoa klorini ya kawaida, lakini miji mingi inatumia kloramini na hiyo haitoki kirahisi kwa moto. Kidonge kinamaliza zote.

Kwa ndoo: jiki inaua vijidudu vizuri, ila inataka kusuuzwa na kusuuzwa tena, na maji ya kusuuzia yawe yamechemshwa. Mimi niliiacha. Natumia dawa ya asidi ya fosforasi isiyohitaji kusuuzwa, mililita moja na nusu kwa lita ya maji. Naloweka kila kitakachogusa togwa baada ya kupoa: mwiko, haidromita, mpira wa kuhamishia, mkasi wa kukatia pakiti ya hamira, na mikono. Ila kwanza osha uchafu unaoonekana, kwa sababu dawa haiui kilichojificha chini ya utando. Na mpira usinyonye kwa mdomo. Ujaze maji safi, ziba, shusha, achia.

#14 Mtu wa Limuru

Na methanoli je? Hapa kwetu watu wamepofuka na kufa. Mama yangu akisikia "pombe ya nyumbani" anatetemeka.

#15 Kihamba

Mama ana haki ya kutetemeka, na nisingependa mtu apite swali hili haraka.

Bia iliyochachuka kutoka kwenye kimea cha nafaka haina methanoli ya kudhuru. Kiasi chake ni kidogo mno. Walioangamia walikunywa vikali vilivyotiwa methanoli ya viwandani na wauzaji, ile ya kutengenezea rangi na viyeyushi. Hiyo ni sumu iliyomiminwa na mkono wa mtu, haikutoka kwenye uchachushaji. Kwa hiyo mambo mawili: usinunue kikali usichojua kilikotoka, na usijaribu kutonesha bia yako kwenye mtungi na bomba ili iwe kali. Kutonesha bila leseni ni kosa hapa, Marekani, Kenya na Tanzania. Uzi huu unaishia kwenye bia.

Hatari ya kweli kwenye bia ni chupa. Nimeshasimulia.

#16 Kihamba

Nimeulizwa pembeni kuhusu kujaza chupa, naweka hapa wote waone.

Haidromita ikishasimama siku tatu, hamisha bia kwa mpira kwenda ndoo safi ya pili, taratibu bila kumwagika, mashapo yabaki chini. Yeyusha sukari ya kawaida kwenye kikombe cha maji yanayochemka, poza, tia kwenye ndoo, zungusha kwa upole. Gramu 5 kwa lita. Mimi hubaki na lita 19 hivi, kwa hiyo gramu 95, kwenye mizani, si kwa kijiko cha kukadiria. Stauti haitaki gesi nyingi.

Chupa ziwe za kahawia, nene, zile za bia za kurudishwa dukani ni nzuri sana. Za kioo chembamba za juisi au divai, hapana. Anayeanza namshauri chupa za plastiki za soda: unaibonyeza kwa kidole, ikiwa ngumu kama jiwe ujue gesi imeingia, na ikizidi haikurushii kioo. Vizibo vya bati vinataka kimashine chake cha kubania. Hesabu yangu ya mwisho ilikuwa chupa 38 za nusu lita, na makopo yote mawili yalinigharimu pauni 31.

Wiki mbili kwenye joto la chumba, ndani ya sanduku lenye kifuniko. Kisha mahali pa baridi. Wiki ya tatu inanyweka. Ya sita ni bia nyingine kabisa, ule ukali wa mkaa unalainika na utamu unajitokeza nyuma.

Lile povu la maziwa la Guinness ya bombani msilitegemee. Ni naitrojeni, walianza nayo 1959, sehemu tatu za naitrojeni kwa moja ya kaboni. Chupa ya nyumbani ina kaboni peke yake, povu lake ni la kahawia na mapovu makubwa kidogo. Mimi nimelizoea na sasa nalipenda.

#17 Fundi Tabata

Wakuu mrejesho. Dada alifika tarehe 18 na makopo mawili na pakiti mbili za kveik. Nimepika Jumamosi usiku. Maji ya chupa kubwa, ndoo ya lita 25, mama watoto amesimamia usafi kuliko ninavyosimamia kazini. Namba ya mwanzo 1.054. Nimetia hamira togwa ikiwa nyuzi 33.

Baada ya saa nne ilikuwa inapiga mapovu kama maharage jikoni. Asubuhi povu limepanda mpaka kwenye kidude cha maji na kuchafua sakafu. Nifanye nini?

#18 Kihamba

Toa kidude hicho, kioshe, kwa sasa usikirudishe. Chukua mpira safi unaoingia kwenye tundu kwa kubana, upande wa pili uutumbukize kwenye chupa ya maji yenye dawa. Povu litoke humo. Tundu likizibwa na povu, kifuniko kitaruka. Kesho kutwa litakuwa limetulia, utarudisha.

Harufu ikoje?

#19 Fundi Tabata

Kahawa. Na kwa mbali kama ganda la chungwa.

#20 Kihamba

Chungwa ndiyo kveik ya Voss yenyewe. Uko sawa.

#21 Fundi Tabata

Siku ya 4: 1.015. Siku ya 5: 1.015. Leo siku ya 6: 1.015. Nimeonja ile ya kwenye kipimio, haina gesi lakini ni nzito, chungu kwa mbali, imebaki kooni. Kwa hesabu yangu ni asilimia 5 na kidogo.

Nijaze chupa leo au nisubiri? Wewe ulisema 14.

#22 Kihamba

Zile 14 ni za hamira yangu na baridi yangu. Kveik kwenye joto lako inamaliza mapema, na namba tatu zinazolingana ndizo zinazotawala. Asilimia 5.1, umehesabu vizuri. Ila iache siku mbili tatu zaidi hamira itue chini, chupa zako zitakuwa na mashapo machache. Huna haraka. Kisha sukari gramu 5 kwa lita, kwa mizani. Na kwa joto la Dar, zikishapata gesi siku ya saba hadi ya kumi, fungua moja uone, kisha ziingie friji zote zinazoenea.

#23 Fundi Tabata

Chupa 37. Zote za plastiki, kwa ajili ya lile koti la mtoto. Zipo kwenye ndoo kubwa yenye mfuniko chini ya meza.

Nitafungua ya kwanza baada ya siku kumi. Baba mkwe kutoka Rombo anakuja wiki hiyo, amesema ataleta mbege yake tulinganishe.

#24 Kihamba

Msalimie sana. Mwambie mjukuu wa Marangu anamuomba amwage ya kwanza chini kidogo kabla ya kuonja, anajua kwa nini. Na umuulize anatumia msesewa kiasi gani kwa pipa. Bibi alikuwa anakadiria kwa kiganja, na sikumuuliza alipokuwa hai.